Mchongaji wa Kimakonde Naye Amesoma

Nasema wazi tangu mwanzo: tunapoandika kwamba mchongaji fulani wa Kimakonde "hakusomea sanaa" au "alijifundisha mwenyewe", mara nyingi tunaandika uongo. Ni uongo uliozoeleka, umo katika insha zetu wanafunzi na katika mihadhara ya walimu wetu, na kwa kuwa unasemwa kwa upole hakuna anayeukemea.

Tupime kwa mizani ya wale tunaowaita wasomi. Upo mchoro wa zamani wa Kifaransa ambao wenyewe huuita akademi, kwa jina la shule iliyouzaa. Huwa ni mwili wa mtu uchi, umechorwa kwa chaki au mkaa, kila msuli mahali pake. Akademi ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji ilianzishwa Paris mwaka 1648, na kwa vizazi vingi mafunzo yalifuata ngazi ileile. Mwanafunzi hakumkabili mtu hai siku ya kwanza. Alianza kwa kunakili michoro ya waliomtangulia: jicho, sikio, mkono, mguu. Kisha alichora sanamu za plasta zilizonakiliwa kutoka kwa Wagiriki na Warumi. Mwisho ndipo alipoingia chumba alimokuwamo mtu aliyelipwa kukaa uchi bila kutikisika. Waliobobea walishindania Tuzo ya Roma, iliyoanza mwaka 1663. Leo karatasi kama hiyo ikiuzwa, hata ikiwa haina sahihi, wauzaji hutafuta kwa bidii ilitoka katika karakana gani na mwalimu alikuwa nani.

Sasa tuje kwetu. Mimi ni mtu wa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambako siku hizi Ufaransa hutajwa kwa ajili ya gesi ya Afungi, wala si kwa michoro. Nyuma yetu, bara, upo uwanda wa juu wa Mueda, na kazi za wachongaji wa huko tumeziona zikishushwa pwani kutafuta wanunuzi. Kijana anayejifunza kuchonga hukaa na baba, mjomba au fundi mwingine aliyemzidi. Huanza kwa kusugua msasa na kung'arisha kazi ya mkubwa. Hupewa vitu vidogo kabla ya kukabidhiwa umbo la mtu. Hufundishwa kuusoma mpingo: weupe wa nje unaishia wapi, weusi wa ndani unaanzia wapi, ufa unaelekea upande gani. Tezo, patasi na tupa kila moja ina zamu yake. Kunakili, kurudia, kusahihishwa, kupanda ngazi: hayo ndiyo yaliyofanyika Paris. Kwa nini kule yaitwe elimu na huku yaitwe kipaji cha kuzaliwa?

Wapo watakaosema kwamba Mfaransa aliujua mwili kwa kuuchunguza, na Mmakonde anakisia tu. Waende wakatazame vinyago vya kiwiliwili vya Wamakonde wa upande wa Tanzania: matiti na tumbo la mjamzito, vilivyochongwa ili mchezaji mwanamume avivae kifuani katika ngoma. Fundi hakuhitaji kumsimamisha mtu mbele yake. Mwili aliubeba kichwani, na kumbukumbu iliyofunzwa nayo ni elimu.

Tena tumtazame Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 jijini Dar es Salaam alianza kuchonga sanamu za mashetani, zenye miili iliyopinda na viungo vilivyohama mahali pake. Wageni waliziita ndoto za mtu asiyesoma. Mimi nasema kinyume chake. Mtu asiyejua kanuni hukosea tu. Anayeijua ndiye huivunja kwa makusudi na kazi ikasimama.

Sisemi kwamba shule yetu haina dosari. Vinyago vya mapiko vilichongwa kwa siri, mbali na macho ya wanawake. Reinata Sadimba, aliyezaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, alipata umaarufu kwa udongo, kazi ya wanawake, wala si kwa mti. Lakini shule kuu ya sanaa ya Paris nayo iliwafungia wanawake mlango hadi mwaka 1897, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba haikuwa shule. Tukosoe zote mbili kwa kipimo kimoja.

Jambo hili si ubishi wa majina tu. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na yale ya Palma ya Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa mkoa wetu wameyahama makazi yao. Shule ya Paris ilihifadhi karatasi. Darasa likifungwa, michoro inabaki. Shule ya mchongaji imo katika watu wawili waliokaa pamoja na gogo kati yao. Mzee akiwa kambini bila mpingo, na mwanafunzi wake yuko mji mwingine akitafuta kibarua, shule hiyo imefungwa, na sisi tuliokwisha kuandika kwamba haikuwapo hatutajua kilichopotea.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, anayeandika tasnifu kuhusu mchongaji amtaje mwalimu wa mchongaji huyo, mahali alipojifunzia na miaka aliyokaa. Pili, tukusanye sasa hivi maneno ya karakana, ya Kimakonde, Kimwani na Kiswahili: majina ya zana, ya hatua za kazi, ya makosa ya mwanagenzi. Tatu, walimu wetu waufundishe mchoro wa akademi na kinyago cha Kimakonde katika somo moja, si kimoja chini ya sanaa na kingine chini ya mila. Wachongaji wenyewe wapo Nampula, Dar es Salaam na makambini, na wengi wao wanazungumza lugha hii tunayoisomea. Hatuna kisingizio cha kutowauliza.