Karatasi ya Wakala na Bangili ya Mama



Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya alasiri, alitujia mama mmoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Bintiye amemaliza kidato cha nne, naye ameahidiwa kazi ya nyumbani katika nchi mojawapo ya Ghuba. Karatasi ile alipewa katika afisi ya wakala. Imeandikwa kwa Kiingereza, ikisema kwamba kampuni yapinga utumwa wa kisasa na hongo, na kwamba haitavumilia lolote katika mawili hayo. Mama akatuuliza, "Sheikh, maneno haya yatosha nimtoe mwanangu?" Mkononi alikuwa amevaa bangili ya dhahabu aliyorithi kwa mamake. Alikusudia kuiweka rahani, kwani aliambiwa alete shilingi elfu arubaini, zisizo na risiti, "za kusukuma faili".

Tulimuomba atupe muda. Leo twaandika jawabu tulilompa, kwa kuwa twajua nyumba nyingi zina swali kama lake.

Karatasi za namna hii zina asili. Mwaka 2015 Uingereza ilipitisha sheria ya utumwa wa kisasa, inayozitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi kutoa tamko kila mwaka, lieleze hatua walizochukua ili pasiwe na utumwa katika kazi zao na kwa wale wanaowauzia bidhaa na huduma. Tamko hilo hutiwa saini na mkurugenzi. Lakini sheria hiyo hiyo yairuhusu kampuni kutamka kwamba haikuchukua hatua yoyote. Kwa hiyo msomaji asitosheke kuona kwamba tamko lipo. Na atazame ndani yake mmetajwa kitendo gani.

Hapa kwetu Kenya pia sheria zipo. Sheria ya mwaka 2010 ya kupinga usafirishaji haramu wa watu yatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria ya hongo ya mwaka 2016 yaitaka kila kampuni iwe na taratibu za kuzuia hongo kwa kadiri ya ukubwa wake. Aliye na madaraka akijua au akishuku kwamba hongo imetolewa, anapaswa kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24.

Huenda mtu akauliza, utumwa u wapi leo, na minyororo hatuioni? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 28 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Wengi wao hufungwa kwa deni, kwa pasipoti iliyofichwa, na kwa mshahara unaozuiliwa ili mtu asiweze kuondoka. Msichana aliyeondoka kwao kwa mkopo hawezi kurudi kabla ya kuulipa, hata akiteswa.

Na hapa ndipo hongo inapokutana na utumwa. Cheti cha daktari, ukaguzi wa mkataba na usajili wa wakala viliwekwa ili vimlinde msafiri. Mkaguzi akilipwa afumbe macho, ulinzi ule umeuzwa, na aliyeulipia ni mamake msafiri mwenyewe. Fedha zile zile humgeukia binti zikawa deni.

Mafunzo ya dini yetu katika jambo hili yako wazi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 188, yakataza kuliana mali kwa batili na kuwapelekea mahakimu ili haki za watu ziliwe. Katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, wametajwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemtumikisha mfanyakazi kisha asimlipe. Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wamemtafutia udhuru anayelazimishwa kutoa ili apate haki yake iliyozuiliwa, wakasema dhambi ni ya mpokeaji. Lakini kulipa ili ukaguzi urukwe si kukomboa haki. Ni kuibomoa.

Basi tulimwambia mama yule arudi afisini na maswali matano. Je, wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na cheti chake bado kina muda? Nani alipaye tiketi na viza, na imeandikwa wapi? Mkataba upo katika lugha ambayo binti aifahamu, nao wataja mshahara na siku ya mapumziko? Pasipoti itakaa kwa nani? Na akidhulumiwa, ampigie nani simu, hapa na kule? Kila jawabu liandikwe, na kila shilingi ipewe risiti. Kampuni iliyo na nia ya kweli haitachukizwa na maswali haya, kwani karatasi yake imekwisha kuyaahidi.

Lakini sisi watu wa Pwani hatuwezi kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la watu wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sultan Barghash, na katika mwambao wetu wa Kenya utumwa haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1907. Miongoni mwetu wapo wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, nao huswali safu moja. Basi na tujiulize tulipo: yule msichana anayetufulia na kutupikia, mshahara wake wa mwezi uliopita amelipwa? Kitambulisho chake kiko mkononi mwake, au kimefungiwa kabatini mwetu "asije akatoroka"? Ana siku ya kwenda kwao? Tukimlilia binti yetu aliye ng'ambo na tukamfanyia hivyo binti wa mwenzetu, kilio chetu kina kasoro.

Mama alirudi juzi. Afisini waliyajibu maswali mawili kwa mdomo, wakakataa kuandika, kisha wakamwambia wenye haraka ni wengi. Bangili bado i mkononi mwake. Binti yumo nyumbani, kazi hajapata, na kwa siku kadhaa hakusema na mamake. Uzito huo hatuudharau, wala hatusemi umekwisha. Mwenye duka, mwenye shule au mwenye karakana anayesoma haya, na akumbuke kwamba kazi ya halali yenye mshahara ulioandikwa, hapa hapa nyumbani, ni katika sadaka tunazozihitaji zaidi.

Wabillahi tawfiq.