Enda Tetu, hata wakikwambia hakuna kitu

Wasee, wengi wetu hapa Nairobi tunamjua Dedan Kimathi kama steji. "Tupatane pale kwa Kimathi." Unafika kwa sanamu, unangoja mtu aliyekuambia amekaribia na kumbe bado yuko Githurai, unapiga selfi mbili, unaenda zako. Hiyo sanamu ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe Kamiti. Tarehe haikuokotwa tu.

Sasa nimeweka video ya Tetu, kule Nyeri alikozaliwa mwaka 1920, na komenti inayojirudia ni moja: "Lakini buda, si huko hakuna kitu?" Wanamaanisha hakuna jumba kubwa, hakuna simba, hakuna mahali pa kukaa na soda ya bei ghali ukiangalia bonde. Ni ukweli. Ni vilima, majani chai, ng'ombe wa maziwa, na msitu wa Aberdare umesimama huko nyuma kama ukuta. Lakini hiyo "hakuna kitu" haikujileta. Kuna watu waliifanya.

Anzia Nyeri mjini uone ninachosema. Pale kuna kaburi la Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha Skauti. Alifia Nyeri Januari 8, 1941, na jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati, ile alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Kaburi linatunzwa, maskauti wanatoka nchi za mbali kuja kusimama hapo, na hata nyumba yake ndogo ya Paxtu, pale Outspan, bado iko. Kisha kuna risto ya Treetops: Elizabeth alipanda juu ya mti Februari 1952 akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia. Hiyo kila gaidi wa watalii anaijua. Ile sehemu ya pili, kwamba miaka miwili baadaye Mau Mau waliichoma Treetops, husemwa haraka haraka kama tangazo la redio.

Sina noma na Baden-Powell. Aliipenda Nyeri, akalala Nyeri. Shida yangu ni kwamba mgeni ana kaburi lenye maua na mwenye kijiji hana kaburi hata la majani.

Kimathi alizikwa ndani ya Kamiti bila alama. Familia yake imeomba mwili kwa miaka na miaka, serikali zimebadilika, ahadi zimetolewa, na mpaka leo hajazikwa nyumbani. Mkewe, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini, na viongozi wote wakubwa walikuwa kwa hema. Alikaa mjane zaidi ya miaka 66 bila kuonyeshwa alipolala mumewe. Manze, hebu fikiria hiyo hesabu polepole.

Na msidhani ni wakoloni peke yao walioficha. Tulipata uhuru 1963, lakini ile sheria ya mkoloni iliyoita Mau Mau kundi haramu ilibaki kwa vitabu mpaka 2003. Miaka 40 ya bendera yetu wenyewe! Mandela alipokuja Nairobi Julai 1990, hajamaliza hata miezi sita tangu atoke jela, alimtaja Kimathi hadharani kama mtu aliyempa moyo. Mgeni anamsifu mtu ambaye kwenu kundi lake bado ni haramu. Ndiyo maana ukifika Tetu leo hukuti vibao kila kona. Huwezi kuwekea kibao kitu ulichoogopa kukitaja.

Sehemu iliyonishika zaidi ni Kahiga-ini, alikopigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya Oktoba 21, 1956. Shuleni tulifundishwa "alikamatwa" tukapita. Kwa ground mambo ni tofauti. Kati ya msitu na vijiji serikali ya mkoloni ilichimbisha handaki refu, ndani yake ikapanda vijiti vilivyochongwa, ili wapiganaji wasishuke kuchukua chakula na wanakijiji wasipande kupeleka. Waliochimba ni wanakijiji wenyewe, kwa lazima, na wengi walikuwa akina mama, maana wanaume walikuwa msituni au kizuizini. Yaani mama anachimba shimo la kumzuia mwanawe asile. Na aliyempiga Kimathi risasi ya mguu hakuwa Mzungu. Alikuwa polisi wa kikabila, Ndirangu Mau, Mkikuyu kama yeye.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini wazee wa huko hawaongei ovyo. Shosho mmoja tuliyemwamkia njiani alituuliza kwanza sisi ni wa nani, tunatoka wapi, ndiyo akakubali kutaja kwamba mamake alichimba. Kamera alikataa, na tukaizima. Kwenye hicho kilima wajukuu wa waliokuwa msituni na wajukuu wa homugadi wanakunywa chai soko moja, wanaoana, wanazikana. Hiyo huwezi kuiweka ndani ya kioo, na hakuna jumba la makumbusho Nairobi litakuonyesha namna watu wananyamaza.

Pia ukienda utaacha kumfanya Kimathi kuwa fulana. Huyu jamaa alisoma Karuna-ini kisha Tumutumu, na ili alipe karo alikuwa anaokotea idara ya misitu mbegu za miti. Alipenda mijadala na kuandika. Masomo hakumaliza. Jeshini alidumu muda mfupi sana akafukuzwa, ualimu pia ukamshinda kwa sababu ya mkono mwepesi. Hakuwa malaika, na vita vya Mau Mau viliua majirani pia. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo hiyo sehemu ya karo niliisoma mara mbili. Leo Nyeri kuna chuo kikuu kizima chenye jina la kijana aliyeokota mbegu ndiyo asome. Sicheki, nasema tu.

(Na Wangari Maathai ni wa Tetu hiyo hiyo, kijiji cha Ihithe, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani, 2004. Mmoja anaokota mbegu, mwingine anapanda miti. Maji ya huko yapimwe.)

Wengine wataniambia kazi ya kutunza historia ni ya serikali na kaunti. Sawa, wadai, na mimi nadai: vibao viwekwe, na suala la Kamiti limalizwe watoto wake wakiwa hai. Lakini kaburi la Baden-Powell halikung'arishwa na huruma. Linang'aa kwa sababu watu hawajaacha kufika. Watu wakifika, barabara inatengenezwa, kijana wa pale anapata kazi ya kuzungusha wageni, mama anauza githeri, na diwani anaona aibu nyasi zikiwa ndefu. Tetu inakosa miguu yetu kwanza.

Nairobi mpaka Nyeri ni kama kilomita 150: Thika Road, Sagana, Karatina, umefika. Ukitoka asubuhi sana unarudi usiku. Pitia makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u, yako ndani ya jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji enzi za mkoloni, ndiyo ukifika vijijini usiulize maswali ya darasa la nne. Kisha shika matatu ya kuelekea Ihururu. Tafuta mtu wa hapo akutembeze na umlipe vizuri, si ile ya "nitakutagi". Amkia wazee kabla ya kutoa simu. Drone acha nyumbani, ng'ombe wanashtuka.

Februari 18 naenda tena na mbogi yangu, na safari hii tunaanzia kwa kaburi la Baden-Powell kabla ya kupanda Kahiga-ini. Kuna viti vitatu vimebaki kwa gari. Nauli tunachanga, chakula tunanunua huko.