Cheti cha Mtoa Dawa na Dhamana Yetu



Mama mmoja wa hapa Madale alinijia ofisini amebeba bahasha. Aliuza kiwanja ili binti yake asomee utoaji wa dawa. Ndani mlikuwa na stakabadhi za ada za miaka miwili na cheti chenye mhuri wa kupendeza. Binti alipokwenda kuandikishwa, akajibiwa kuwa chuo chake hakitambuliwi. Chuo chenyewe kimekwisha hama.

Wako wasemao kwamba alikuwa mzembe, mbona hakuuliza? Mimi sithubutu kusema hivyo. Tangazo la chuo kile lilisomwa kanisani mwetu baada ya Misa, nami nilikuwapo.

Sheria haikosekani. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imelikabidhi Baraza la Famasi kazi ya kuwatambua wafamasia, mafundi dawa sanifu na mafundi dawa wasaidizi. Vyuo vya kati husajiliwa na NACTVET. Lakini kwa binti huyu mlango ulifungwa mwishoni, ada ikiwa imekwisha liwa. Aliyekosa kuandikishwa ni mwanafunzi. Aliyemfundisha isivyo halali anatafuta kiwanja kingine, na pengine parokia nyingine.

Wala hasara si ya familia ile peke yake. Mtoto apatapo homa usiku, wengi wetu hukimbilia duka la dawa muhimu. Mpango wa maduka hayo, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulitambua kwamba haitoshi kukagua rafu. Sharti afundishwe pia yule asimamaye nyuma ya kaunta. Aliyekariri daftari pasipo kushika dawa mbele ya mwalimu atajuaje kupima dozi kwa uzito wa mtoto? Mteja mwenye fedha ya vidonge vinne vya amoksilini atapewa vinne, bila neno, aende zake.

Kanisa nasi tunavyo vyuo vya afya, na chuo kikuu chetu cha Bugando, Mwanza, hufundisha famasi. Tukidai ukaguzi kwa wengine, tuupokee na kwetu bila kunung'unika.

Kwa hiyo naiomba halmashauri ya walei: tangazo la chuo chochote lisisomwe kabla katibu hajahakikisha usajili wake kwa wahusika wenyewe. Picha ya cheti cha usajili haitoshi. Hata huyu mama alionyeshwa picha.

Binti anataka kuanza upya, safari hii katika chuo kilichosajiliwa. Ada ya muhula wa kwanza haijapatikana, na bahasha ingali mezani kwangu.