Kanda za Video Zisiachwe Zioze

Ipo mali ya utamaduni inayoozea katika masanduku na chini ya vitanda, tangu Nyarugusu hadi visiwa vya Ukerewe, na hatujaona ofisi ya Serikali iliyojitokeza kuitunza. Tunazungumzia kanda zilizokuwa zikikodishwa katika yale maduka ambayo wananchi waliyaita maktaba za video.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Katika pengo hilo la miaka ishirini ndipo video ilipoingia. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mashine za video zikawa miongoni mwa vitu vilivyofuata. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita (hatusemi Nyarugusu ya Kigoma, penye kambi ya wakimbizi) fedha iliongezeka mikononi mwa watu Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990. Mchimbaji aliyetoka duarani jioni alitaka burudani, na burudani nyingine, tuseme kweli, ilikuwa pombe.

Duka lenyewe lilikuwa rafu na daftari. Mteja aliandikwa jina, akaacha amana, akaonywa airudishe kanda ikiwa imezungushwa hadi mwanzo. Mwenye banda la kuonyeshea alikodi kwa siku moja, akawasha jenereta, akairudia kanda hiyo hiyo mpaka watazamaji wakaijua kwa moyo. Iliyochosha machimboni haikutupwa. Ilikuwa bado mpya kwa kambi ya wavuvi kisiwani, iwe Kome, Maisome au Ukara.

Lakini thamani ya kanda hizo haimo katika picha. Picha za Hong Kong, Bombay na Marekani zinatunzwa na wenyewe. Thamani imo katika sauti ya Kiswahili iliyowekwa juu yake. Watazamaji wengi hawakujua Kiingereza, wala Kihindi, wala Kichina. Wakatokea wasimulizi walioifasiri sinema huku ikienda, wakaikatiza kwa mizaha, wakampa polisi wa Hong Kong maneno ya Kariakoo. Kampala ilikuwa na VJ Jingo, aliyesimulia kwa Kiganda. Kwetu aliyevuma kuliko wengi ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye masimulizi yake yalirekodiwa na kuuzwa katika kanda. Ni sanaa ya mdomo kama zilivyo ngano tunazowafundisha watoto shuleni, ila hii ilizaliwa mbele ya kioo cha televisheni.

Baadaye zikaja sidii na dividii, kisha simu. Leo kijana hupeleka flashi dukani akajaziwa sinema kutoka kompyuta. Maktaba za video zikafungwa, na kanda zikabaki kwa wenyewe, zikipigana na vumbi la machimbo na, huko visiwani, unyevu wa ziwa unaootesha ukungu juu ya utepe. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa imebaki ikitengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kila mashine inayoharibika sasa inapunguza uwezo wetu wa kuzisikia sauti hizo.

Tunafahamu jibu litakalotolewa maofisini: kwamba kanda hizo zilinakiliwa bila idhini, kwamba Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994 na kutunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999. Hayo ni kweli, na hatumtetei mtu anayejitajirisha kwa jasho la msanii. Lakini kuuza ni jambo moja na kuhifadhi kwa ajili ya utafiti ni jambo jingine. Japani ilikuwa na wasimulizi wa sinema bubu walioitwa benshi. Sauti za baadhi yao zilirekodiwa katika santuri, na leo wanazuoni huzisikiliza. Haituingii akilini kwamba afisa anayejua kuteketeza kanda ashindwe kuitia nambari na kuiweka kabatini.

Kwa hiyo tunawataka maafisa utamaduni wa wilaya za Geita, Sengerema na Ukerewe waanze na jambo lisilohitaji bajeti: wawatafute waliokuwa na maduka hayo, waandike majina ya kanda zilizobaki, msimulizi ni nani, na kama mashine ya kuzichezesha ipo. Orodha hizo zipelekwe Bodi ya Filamu na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambazo ndizo zitakazoamua zipi zihamishiwe kwenye kompyuta kwanza. Na ndugu zetu wa visiwani, mwenye sanduku la kanda asilitie moto kabla afisa huyo hajafika.