Mchungaji, Picha Hizo Ni Utafiti

Jumapili moja hapa Kapata, Kolwezi, mchungaji alifunga Biblia katikati ya mahubiri akawageukia vijana. Kwenye simu za watu kulikuwa kumezunguka habari kwamba chuo kimoja cha Ulaya kinatafuta mtafiti wa kuchunguza yale ambayo ukoloni ulituachia, na kwamba kazi hiyo itafanywa kwa sanaa ya pamoja: mtafiti akae na wenyeji, wachore, waigize, washone, wapige picha, na humo humo wachunguze. Mchungaji akasema huo si utafiti. Utafiti, alisema, ni wa madaktari na maprofesa, wenye vitabu na vipimo. Wabelgiji waliondoka 1960, tukawasamehe, yamekwisha. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kanisa zima likaitika amina, na amina ile ndiyo iliyoniudhi kuliko mahubiri yenyewe.

Imeniudhi kwa sababu imani hiyo si ya mchungaji peke yake. Nimeisikia kwa walimu, kwa mawakili, kwa vijana waliomaliza chuo juzi: kwamba historia ya ukoloni ni mali ya wasomi na makabati ya Brussels, na kwamba mchoraji kazi yake ni kupamba ukuta wa baa. Huo ni uongo. Na katika nchi hii ya shaba ni uongo unaoumiza, kwa sababu hapa Katanga waliotangulia kuuchunguza ukoloni kwa macho ya waliotawaliwa walikuwa maboi wa jikoni, wachoraji na waigizaji.

Tuanze mbali. Kabla ya Mbelgiji kukanyaga ardhi hii, Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti unaoshikwa mkononi, wenye shanga na michongo, ambao wataalamu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme, safari na maagano. Shanga moja ikikaa mahali pake ilibeba habari ndefu, na msomaji aliisema mbele ya watu waliokuwa na haki ya kumsikiliza. Humo mlikuwa na hifadhi, elimu na sanaa, vyote katika kitu kimoja. Basi nani aliyetufundisha kwamba picha ni pambo na karatasi ndiyo ukweli? Ni ukoloni huo huo ambao mchungaji anasema umekwisha. Imani aliyoihubiri ni sehemu ya urithi wake.

Tazameni jinsi tulivyofundishwa. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walitoka humo, na mikono yao ilikuwa mikono ya ajabu. Hilo sibishani nalo. Lakini picha zilizosifiwa na kununuliwa zilikuwa za samaki, ndege, nyoka na swala. Mji ulikuwa umejaa moshi wa shaba. Miaka mitano tu nyuma, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière waliogoma walikuwa wamepigwa risasi kwenye uwanja wa mpira, na hata leo idadi ya serikali na idadi iliyobaki vinywani mwa watu hazijapatana. Mnunuzi alitaka swala. Mchoraji Mwafrika aliruhusiwa kupamba, kushuhudia hakukuruhusiwa.

Watu wakashuhudia bila ruhusa. Mwaka 1965, André Yav, mtu wa kundi la waliowahi kuwatumikia wazungu majumbani, alipiga chapa historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Humo mna mfalme Msiri, mna Leopold mfalme wa Wabelgiji, mna kampuni, mna majina ambayo watumishi waliwapa mabwana zao. Hakuna profesa aliyemtuma. Baadaye akaja Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947, ambaye kati ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yetu, akamweleza msomi Johannes Fabian moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili. Tshibumba alijiita mwanahistoria, naye alikuwa mwanahistoria kweli. Profesa ndiye aliyekaa na kinasa sauti, akauliza, akaandika. Aliyejua alikuwa mchoraji.

Na msidhani Tshibumba alifanya kazi ile peke yake kama mtawa. Miaka ile picha za aina ya "Colonie Belge", mfungwa akichapwa kiboko huku askari na bendera vikitazama, zilitundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida. Mgeni akiingia, mzee anaeleza, mgeni anaongeza aliyoyaona babake, jirani anasahihisha. Mchoraji akirudi anayasikia yote, na picha inayofuata inabadilika. Mnataka nini zaidi ili mwite utafiti wa pamoja?

Najua jibu la wenye imani ya makaratasi: kampuni iliandika kila kitu. Ni kweli, Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliandika sana, na makaratasi yake yako Brussels. Lakini kuna picha ya zamani ya vita dhidi ya nzi huko Elisabethville, watu wawili mbele ya rundo la nzi waliokufa. Mfanyakazi alitakiwa alete nzi hamsini ndipo apewe posho yake. Picha hiyo ilikaa kimya miaka na miaka. Aliyeifanya iseme ni Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alipoiweka mwaka 2013 pamoja na picha za angani za ule ukanda mtupu ambao watawala waliuacha kati ya mtaa wa wazungu na mitaa ya weusi, wakidai ni kwa ajili ya kuzuia maradhi. Ukiona vitu hivyo viwili pamoja unaelewa papo hapo kwamba posho, nzi na ramani ya mji vilikuwa utaratibu mmoja. Makaratasi yalikuwa nayo yote, kila moja katika faili lake. Baloji huyo huyo mwaka 2019 alianza utafiti wa udaktari kwa njia ya sanaa huko Antwerp, juu ya kasala, mashairi ya sifa, na lukasa, urithi wa Waluba. Kwa hiyo nafasi ya aina hii ipo, na aliyeishika ni mwenzetu. Mchungaji amechelewa.

Mnapenda wasomi na tume? Bunge la Ubelgiji liliunda tume juu ya ukoloni mwaka 2020. Wataalamu kumi walitoa ripoti ya karibu kurasa 700. Mfalme Philippe akaja hadi Lubumbashi Juni 2022 na maneno ya majuto. Desemba mwaka ule ule tume ikafungwa bila wabunge kukubaliana hata kuomba msamaha. Kurasa 700 hazikuweza kuvuta neno moja kutoka midomoni mwao. Nani hapa Kapata amewahi kuisoma ripoti hiyo?

Sasa niseme nilichokiona mwenyewe. Vijana fulani wa hapa waliwakusanya wastaafu wa Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, na mama wajane, wakatandaza shuka nyeupe chini ya mwembe, wakaomba kila mtu achore kampi ya wafanyakazi kama anavyoikumbuka. Papa mmoja, ambaye babake alikuwa mpishi wa mzungu, alichora njia kutoka Manika kwenda Dilala, mtaa wa wazungu, halafu akaikata kwa mstari mzito: hapo ndipo usiku mtu mweusi asiye na kibali aliposimamishwa. Mama mmoja alichora mizani ya kupimia watoto. Aliichora kubwa kuliko nyumba yake. Tukamuuliza kwa nini. Akasema mama asiyepeleka mtoto kupimwa alikuwa anaonwa mkaidi, na mkaidi aliogopa kupunguziwa posho. Wenzake wakaanza kusema wote kwa pamoja: mabibi waliokuja kukagua usafi wa nyumba, masomo ya kushona, watoto waliokula chakula cha kampuni mbele ya msimamizi ili kisipelekwe nyumbani. Makaratasi ya kampuni yatakuambia ni watoto wangapi waliopimwa. Hofu iliyoikuza mizani ikapita paa la nyumba imo kwenye shuka ile tu.

Tena mama yule hakuwa anasimulia Wabelgiji peke yao. Kampuni ilitaifishwa 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na mizani ikabaki, posho ikabaki, mkaguzi akabaki. Hiyo ndiyo maana ya urithi wa ukoloni: bendera inashuka, mazoea yanaendelea kula na kulala nasi.

Na zoea kubwa kuliko yote ni la kuita kampuni baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya watu wa shaba walioachwa na baba yao, na baba mwenyewe ni kampuni. Miaka miwili baadaye wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wakapewa fedha ya mara moja. Walilia kama yatima. Nimekua katikati ya vilio hivyo. Na leo kampuni nyingine zimekuja, na sisi tunazitafutia nafasi ile ile ya baba. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inalazimisha kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Ni haki, imeandikwa. Lakini nendeni kwenye mikutano yenyewe mkasikilize. Watu wanaomba jezi za mpira. Wanaomba kinu cha kusaga. Wanashukuru kabla hawajapewa. Wanaongea na meneja kama mtoto anayeomba ruhusa. Mtu asiyejua sauti hiyo aliitoa wapi ataendelea nayo, na wajukuu wake wataendelea nayo.

Hapa ndipo linaponifikia lile neno linalorudiwa kila kona: "Watu wa Kapata wanataka maji, hawataki picha." Ni hoja dhaifu kiasi cha kuona aibu kuijibu. Mchoraji gani aliyewahi kukata bomba la Kapata? Shuka gani iliyokunywa bajeti ya umeme? Wanaosema hivyo hawaulizi bei ya spika zinazotunyima usingizi usiku kucha, wala ya bia za matanga. Penseli na shuka kuukuu ndivyo vinavyowatia uchungu wa matumizi! Maji hayaji kwa sababu hatujui kudai kama wenye haki, na hatujui kudai kwa sababu hatujachunguza tulivyofundishwa kuomba. Picha ya mizani na bomba kavu ni kesi moja.

Na kwa kuwa nimekwisha kasirika, niseme na la wapiga picha. Wanashuka na kamera kubwa kwenye Ziwa Malo la hapa kwetu, wanachukua sura za watoto na akina mama wanaoosha madini, wanaondoka na vumbi la malori halijatua. Sura zetu zinazunguka dunia bila majina. Watu wale wale wanaocheka sanaa ya pamoja hupanga mstari kupigwa picha hizo. Anayekuja kukuchukua mnampokea. Anayekuja kukaa na kuchora pamoja nanyi mnamwita mvivu.

Hata hivyo nafasi ile iliyotangazwa siipokei kwa kupiga magoti. Picha za Tshibumba ziko Amsterdam. Mwenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, haijulikani aliko. Mtoto wa Kapata akitaka kuiona historia iliyochorwa kwa ajili yake aombe viza, nasi tunajua viza inavyoombwa na inavyokataliwa. Kazi ikiitwa ya pamoja, basi na mshahara uwe wa pamoja. Mama wa mizani aandikwe jina lake pale linapoandikwa la mtafiti, kama mwenyewe anataka. Shuka ibaki hapa. Wao wachukue nakala. Mradi usiokubali hayo ni uchimbaji mwingine, na uchimbaji tunao wa kutosha.

Lakini dawa ya hilo haitoki kwenye mahubiri ya kutuambia tunyamaze. Lubumbashi ilikwisha kuonyesha njia: mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasomi wake na wakazi waliingiza kumbukumbu za mitaani katika makumbusho na jukwaani kwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, na tangu 2008 kituo cha Picha kinawakutanisha wasanii katika tamasha lake la kila baada ya miaka michache. Kolwezi ina nini? Ina chuo kikuu, ina wastaafu wanaokufa kila mwezi na yote wanayoyajua, ina vijana wanaojua kuchora na wanaishia kuandika majina kwenye milango ya maduka.

Basi Chuo Kikuu cha Kolwezi kifungue nafasi yake: mtafiti mmoja, mkataba wa miaka kadhaa, mshahara kutoka katika ile asilimia 0.3 au kokote kwingine, ofisi yake iwe Kapata. Mwombaji aonyeshe kazi ya mikono yake na watu aliofanya nao, kabla ya kuonyesha shahada. Na wewe mchungaji, unayo kumbukumbu ya kampi kuliko wengi wetu, kwa maana umezaliwa humo na umezika nusu ya watu wake. Chukua penseli uje uchore. Ukiwa na hoja ya kutupinga, utuletee ukishamaliza kuchora.