Msimfundishe Akiba Mkamficha Serikali

Wazazi wengi wanaosomesha watoto wao nyumbani hapa Kenya wanaamini kwamba kijana akishajua kuweka akiba, kuogopa deni na kutoa fungu la kumi, basi somo la pesa amelimaliza. Mambo ya serikali kwao ni siasa, na siasa ni uchafu wa watu wazima. Wazazi wenye watoto shuleni nao wanaamini hivyohivyo. Kwa hiyo nyumbani kuna kibubu na daftari la matumizi, lakini habari za Bunge zikianza, redio inazimwa. Nasema imani hii ni potofu, na wanaoumia ni watoto walewale tunaotaka kuwakinga.

Mfikirie mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na akiba benki mwaka 1992. Tuseme hakunywa, hakucheza kamari, hakudaiwa na mtu. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, na pesa zilimwagwa hadi noti ya shilingi 500 ikaitwa Jirongo mitaani, kwa jina la mwanasiasa wa kampeni za mwaka ule. Wakati huohuo Hazina ya serikali ililipa mabilioni katika kashfa ya Goldenberg, fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwepo. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 46. Bidhaa ya shilingi 100 sasa ilidai kama 146, na shilingi za yule mwalimu zilikuwa zilezile. Nidhamu yake haikuwa na kasoro hata moja. Akiba yake ililiwa na maamuzi ya watu asiowajua, katika ofisi ambazo hakuwahi kuambiwa kwamba zinahusika na kitabu chake cha benki.

Kijana wa leo anayeambiwa haba na haba hujaza kibaba ana haki ya kuambiwa hili pia: kwamba serikali imeweka lengo la mfumuko wa asilimia 5, unaoruhusiwa kupanda au kushuka kwa 2.5, na kwamba pesa inayolala kwenye kibubu inapungua nguvu kila mwaka hata mambo yakienda sawa.

Kisha kuna mshahara. Sijui somo la uchumi linaloshinda hati moja ya mshahara iliyowekwa mezani mbele ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Mshahara wa shilingi 50,000, kwa viwango vya 2025, unakatwa 3,000 za mfuko wa uzeeni wa NSSF, 1,375 za bima ya afya ya SHIF na 750 za ushuru wa nyumba. Zinabaki 44,875, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato, PAYE: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizosalia kwa asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya 2,400, kodi ni kama 5,846. Anayetajwa kuwa na elfu hamsini anafika nyumbani na elfu thelathini na tisa.

Hesabu hiyo peke yake inamwondolea kijana uongo unaorudiwa na watu wazima wenye digrii, kwamba ukiongezwa mshahara ukavuka daraja la kodi utapokea kidogo kuliko awali. Si kweli, kwa kuwa kiwango kipya kinagusa tu ile sehemu iliyovuka. Lakini hesabu haiishii hapo. Mtoto mwenye akili atauliza: ile 750 ya nyumba inajenga nyumba ya nani? Nani aliamua iwe asilimia 1.5? Mbunge wetu alipigaje kura? Mzazi anayejibu kwamba hiyo ni siasa amemfungia mtoto mlango pale somo la pesa lilipokuwa linaanza.

Vitabu haviwasaidii wazazi hawa. Mitaala inayotumiwa na familia nyingi za elimu ya nyumbani, ukiwemo ule wa ACE (Accelerated Christian Education), asili yake ni Marekani. Si dhambi, Kiingereza ni kizuri na hisabati ni hisabati. Ila kijana wa Thika au Nakuru hana kazi kubwa na akiba ya uzeeni ya 401(k), wala deni litakalomkamata kwanza si la kadi ya benki. Litamkamata kupitia simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukimwonyesha kijana kwamba anayekopa 5,000 kila mwezi kwa ada ya namna hiyo atakuwa amelipa 4,500 ndani ya mwaka, hahitaji mahubiri marefu.

Na hata hapo serikali imo. Kwa miaka mingi programu za mikopo zilijiendea zitakavyo, nyingine zikiwapigia simu jamaa na wakubwa wa kazi wa mdaiwa ili kumwaibisha. Wengi waliorodheshwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000, mpaka Benki Kuu ilipozuia jambo hilo mwaka 2020. Sheria iliyoipa Benki Kuu mamlaka ya kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali ilipitishwa Desemba 2021. Mkopaji mmoja mwenye nidhamu asingeweza kulifanya hilo. Lilihitaji Bunge.

Najua hofu iliyo nyuma ya ukimya wa wazazi, na siidharau. Juni 2024 vijana wa Gen Z waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wako waliouawa kwa risasi. Mzazi aliyeona picha za Bunge likivamiwa tarehe 25 mwezi ule anaposema mwanangu asijue mambo haya, anasema kwa uchungu wa kweli. Lakini tukumbuke kilichotangulia maandamano. Vijana waliusoma mswada wenyewe, kifungu kwa kifungu. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwa video fupi VAT ya asilimia 16 kwenye mkate maana yake nini, na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari itamwangukia nani. Tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Wengi wao hatukuwa tumewafundisha. Walijifunza kwenye simu, peke yao. Mzazi aliyekaa kimya hakumzuia mtoto kujua. Alijiondoa tu miongoni mwa watu ambao mtoto angeweza kuwauliza.

Familia zinazosomesha nyumbani ndizo zenye sababu kubwa zaidi ya kulivalia njuga somo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Maisha yao ya kila asubuhi yanategemea jinsi sheria hiyo inavyosomwa na afisa wa elimu, hakimu na mbunge. Kijana anayeishi hivyo bila kujua mswada unavyogeuka kuwa sheria hajui hata kinachomweka mezani kwao badala ya darasani.

Mafunzo yenyewe hayana gharama. Risiti ya dukani inaonyesha sabuni imetozwa VAT na unga wa mahindi haukutozwa. Muulizeni mtoto kwa nini. Bei ya mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Makadirio ya bajeti lazima yafike Bunge la Kitaifa kabla ya Aprili kwisha, na maoni ya umma huitishwa baada ya hapo. Ibara ya 119 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na haikutaja umri. Wazazi wenzangu mnaotafuta zoezi la insha la muhula ujao, mpeni kijana sura moja ya makadirio hayo na karatasi ya kuliandikia Bunge barua, kisha mkaiposti.