Boti bila mchoro: ziwa Kivu si mahali pa majaribio

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiiangalia toka ufukoni. Makumi ya wasafiri walikufa. Mwezi wa nne mwaka 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alipofika huko kutoa pole, aliagiza kila msafiri avae jaketi la kuokolea maisha. Baada ya kila ajali maneno ni yale yale: boti ilibeba kupita uwezo wake, mawimbi yalikuwa makali, majaketi hayakutosha. Kuna swali moja ambalo husikika mara chache sana: huo uwezo wa boti ulipimwa na nani, na juu ya mchoro gani?

Swali hilo halihusu boti moja tu. Boti nyingi za mbao zinazobeba watu na bidhaa kati ya Goma, Minova, Idjwi na Kalehe hujengwa kwa jicho. Fundi analaza mti wa chini, anasimamisha mbavu, anapindisha mbao, anapiga misumari na kuziba mianya. Umbo la boti linatoka kichwani mwake na katika boti aliyoijenga mwaka uliopita. Hakuna karatasi.

Ujuzi huo si wa kudharauliwa hata kidogo. Wavuvi wa sambaza wanaunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanatundika taa na wavu, wanalala ziwani usiku mzima. Mutumbwi mmoja mwembamba ungepinduka haraka, lakini mitatu iliyoachiana nafasi inasimama imara. Hakuna aliyewafundisha hesabu yake. Mababa walijaribu na kusahihisha, na umbo lile likabaki.

Tofauti iko hapa: mutumbwi wa sambaza haubadiliki sana mwaka kwa mwaka, lakini boti ya wasafiri inabadilika kila mara mwenye pesa anapoagiza nyingine. Huyu anataka mita mbili zaidi. Yule anataka ghorofa juu ili abebe watu wengi. Mwingine amenunua injini yenye nguvu mara mbili. Kila badiliko ambalo halikupitia kwenye karatasi ni jaribio, na wanaojaribiwa ni mama wa soko na watoto wao.

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna watu wanaojenga nyumbani boti za mbio, kwa mbao nyembamba za kubandikwa, ndani ya gereji zao. Aina moja ina miguu miwili pembeni na nafasi katikati kama handaki. Ikikimbia, hewa inabanwa ndani ya handaki hilo na kuinua boti, hadi sehemu ndogo tu inagusa maji. Ndiyo sababu inapita nyingine kwa mwendo. Na ndiyo sababu ni ya hatari: uzito ukikaa nyuma kupita kiasi, mbele inainuka, hewa inaingia chini kwa nguvu, na boti inaruka na kuanguka kinyumenyume.

Mjenzi mwenye akili hakati ubao wa boti kama hiyo kabla ya kuchora. Anaweka kwenye karatasi urefu, upana wa handaki, mahali pa injini, mahali pa tangi la mafuta, mahali pa kiti. Anahesabu uzito wa kila kitu na kutia alama pale uzito wote unapokutana. Akiona alama iko nyuma mno, anasogeza kiti au tangi kwa kalamu, bila kupoteza hata ubao mmoja. Boti hiyo inabeba mtu mmoja, mara chache wawili, tena kwa mchezo wa siku ya mapumziko. Ikiwa mchezo wa mtu mmoja unastahili wiki nzima za kuchora, namna gani safari ya watu mia moja isistahili hata siku tatu?

Mchoro wa boti si jambo la siri. Unaonyesha boti mara tatu: ikitazamwa kutoka pembeni, kutoka juu, na kutoka mbele. Halafu boti inakatwa kwa vipande kwenye karatasi, kama mkate, na umbo la kila ubavu linachorwa peke yake. Vyote vinapimwa kwa kipimo kimoja, kwa mfano sentimita 10 za karatasi kwa kila mita ya boti. Ukiwa na mchoro huo, hesabu inayookoa maisha inawezekana.

Chukua mfano wa boti ya mita 10 kwa urefu na mita 2 kwa upana pale maji yanapofika. Kwa kuwa imechongoka mbele na nyuma, eneo lake juu ya maji ni karibu mita 14 za mraba. Ili izame sentimita moja zaidi, inahitaji kilo 140 tu, yaani watu wawili wa kilo 70. Tuseme ikiwa tupu ukingo wake uko sentimita 60 juu ya maji. Watu 60 wakipanda, inashuka sentimita 30. Magunia 14 ya kilo 100 yanaishusha sentimita 10 nyingine. Zimebaki 20. Ikipitia kwenye kituo cha njiani na kuongeza watu 40, ukingo unakuwa sawa na maji, hata kabla wimbi la kwanza halijafika. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya hesabu hiyo. Lakini hawezi kuifanya bila kujua vipimo, na vipimo vinakaa kwenye mchoro.

Kuna jambo la pili ambalo jicho linadanganya: kupinduka. Boti yenye urefu ule ule ikiongezewa upana mara mbili, nguvu ya umbo lake ya kukataa kulala upande inaongezeka karibu mara nane. Na kila mtu anayepanda kwenye ghorofa anapandisha juu uzito wote na kupunguza nguvu hiyo. Boti inaweza kuwa na ukingo mrefu, isionekane imejaa, na bado ikalala siku watu wote wanaposimama upande mmoja ili washuke wa kwanza. Mwenye boti anayeongeza ghorofa bila kuongeza upana anafikiri ameongeza nafasi. Kwa kweli ameondoa usalama.

Wapo watakaosema mafundi wengi hawakusoma uchoraji. Jibu ni kwamba zamani, katika nchi zilizojenga meli nyingi za mbao, mafundi wasiojua kuchora walichonga kwanza nusu ya boti ndogo kwa mti, wakachukua vipimo kutoka humo. Wengine walichora kila ubavu kwa chaki, kwa ukubwa wake kamili, kwenye sakafu ya karakana. Chaki, kamba na rula si vitu vya kukosa Bukavu wala Goma.

Wengine watasema garama. Lakini kuna jaribio linaloweza kufanyika ndani ya beseni kubwa. Fundi anajenga mfano mdogo mara kumi kuliko boti: boti ya mita 10 inakuwa na mita 1. Kwa kipimo hicho uzito unagawanywa kwa 1,000. Watu 60 wenye kilo 4,200 wanakuwa kilo 4 na gramu 200 za mchanga. Boti yenyewe pamoja na injini ikiwa na tani 2, mfano wake uwe na kilo 2. Mchanga ukiwekwa chini, kisha ukapandishwa juu ya ghorofa, kisha ukasogezwa wote upande mmoja, fundi na mwenye boti wataona kwa macho yao kitu ambacho wasafiri wasingepewa nafasi ya pili kukiona. Garama yake ni ndogo kuliko ya mbao moja nzuri.

Hofu ya tatu ni ya haki zaidi: kwamba mchoro utageuka karatasi nyingine ya kulipia, muhuri unaonunuliwa ofisini bila mtu kuitazama boti. Hofu hiyo ina msingi wake. Dawa yake ni kufanya mchoro uonekane kwa kila mtu, usifungwe kabatini. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1876, pale sheria ilipolazimisha meli za biashara ziwe na alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kubeba. Msafiri asiyejua kusoma anaweza kuangalia mstari mwekundu. Ukiwa juu ya maji, anapanda. Ukimezwa na maji, anabaki ufukoni na kuwaita wenzake wabaki pia.

Lakini mstari huo hauwezi kupakwa kwa kukisia. Bila mchoro, namba ya wasafiri iliyoandikwa ubavuni ni maneno ya mwenye boti tu, na amri ya kutopitisha uwezo haina uzito, kwa sababu hakuna anayeujua uwezo wenyewe. Majaketi ni ya lazima, tena yaongezwe. Hata hivyo jaketi linamsaidia mtu baada ya boti kuzama, mchoro unafanya kazi kabla.

Yeyote anayesimamia bandari za ziwa anaweza kuanza na mambo matatu. Boti mpya ya wasafiri isiingie majini bila mchoro wenye vipimo, nakala moja ikibandikwa bandarini. Boti za zamani zipimwe na kuchorwa moja moja, kuanzia zenye ghorofa. Na mstari upakwe kwenye kila ubavu. Shule za ufundi za Goma na Bukavu zina wanafunzi wanaojifunza kuchora nyumba. Kuwafundisha kuchora boti, wakiwa pamoja na mafundi wazee wa ufukoni, kungewapa kazi na kuupa ujuzi wa wazee maisha marefu zaidi ya kichwa cha mtu mmoja.

Wakaaji wa Idjwi hawana daraja la kuchagua badala ya boti. Vita vilipofunga barabara ya Minova, watu wa huko pia walibaki na maji tu. Kwa watu kama hao, boti si biashara ya mwenyewe peke yake, ni barabara ya wote. Hakuna anayekubali nyumba ya ghorofa ijengwe mjini bila plani. Boti inayovuka maji yenye kina cha mita zaidi ya 400 haistahili heshima ndogo kuliko nyumba.